Mavazi ya Picha za Faragha: Mwongozo kwa Wanawake wa Kiabakari na Miji Jirani

Picha za faragha, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni picha ambazo mtu mzima, aliyetimiza miaka 18 na anayeamua kwa hiari yake, hupigwa ndani ya chumba kilichofungwa mlango akiwa katika mavazi ambayo kwa kawaida hayatoki nje ya nyumba, kama vile shimizi, gauni la kulalia au kanga iliyofungwa kifuani, na ambazo hukusudiwa kutazamwa na yeye mwenyewe au na mwenzi wake wa ndoa peke yake. Si picha za utupu wala si picha za matangazo. Shabaha yake ni kuhifadhi sura ya mwanamke katika utulivu alio nao nyumbani kwake, na kwa sababu hiyo vazi hubeba kazi ambayo katika picha za harusi hubebwa na ukumbi, maua na umati wa wageni. Baadhi ya wanawake huzipiga katika wiki zinazotangulia ndoa, kicheni pati ikiwa imekwisha na sendofu inakaribia, na wengine huzipiga katika kuadhimisha miaka ya ndoa, baada ya kujifungua, au baada ya ugonjwa uliobadilisha mwili.

Kiabakari, mji mdogo wa Wilaya ya Butiama ulio kando ya barabara kuu itokayo Bunda kuelekea Musoma, una sifa moja inayopaswa kutangulia mazungumzo yote ya rangi na mitindo, nayo ni kwamba watu wake hufahamiana, na hufahamiana hata kwa mavazi. Mwanamke anayekwenda sokoni au kwenye misa katika kituo cha hija cha Huruma ya Mungu hutambuliwa kutoka mbali kwa kanga aliyojitanda kabla uso wake haujaonekana vizuri, na jambo hili linavunja dhana iliyoenea kwamba picha iliyokatwa kichwa haiwezi kumtambulisha mwenyewe. Kanga inamtambulisha, shuka la kitandani linamtambulisha, na foronya zilizotariziwa majina ya wanandoa, ambazo ni fahari ya vyumba vingi, zinamtambulisha kuliko uso. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya uchaguzi ni kwamba nguo itakayoonekana katika picha iwe haijawahi kuvaliwa nje na haitavaliwa nje baadaye, na kwamba kila sare, iwe kitenge cha WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, nguo ya kwaya au fulana ya kikundi cha kuweka na kukopa, iondolewe si mwilini tu bali hata kwenye kamba au msumari wa ukutani unaoweza kuingia pembeni mwa picha.

Kanuni hiyo ikizingatiwa, kanga ndiyo nguo ya kwanza kufikiriwa, ingawa wengi huiruka kwa kudhani kwamba picha za aina hii zinadai lesi na hariri kutoka ng'ambo. Kanga huuzwa kwa doti, yaani jozi ya vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Kipande kimoja, chenye upana wa takriban mita 1.1 na urefu wa mita 1.5, kinatosha kumzunguka mwanamke wa wastani kutoka kifuani hadi chini ya magoti, na fundo lake hukaa bila pini wala lastiki, jambo linaloifanya iwe nguo pekee ambayo mvaaji anaweza kuilegeza au kuikaza kwa mkono mmoja bila kusimamisha kazi ya mpiga picha. Uzuri wake mkubwa katika picha hizi, hata hivyo, ni kwamba mwanamke wa Mara aliyekua akiifunga kila siku anajua namna ya kusimama, kuketi na kujilaza nayo, ilhali vazi geni humfanya ashughulike na vazi lenyewe, na shughuli hiyo huonekana katika mabega na vidole vyake.

Kanga mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya ikakamae na kusimama mbali na mwili, hivyo ifuliwe mara mbili au tatu kabla ya siku yenyewe ili ilainike na kuanguka vizuri, ila isifuliwe hadi rangi ikachuja. Jina la kanga nalo lichaguliwe kwa makini, kwa sababu kamera hulisoma. Kanga nyingi hubeba mafumbo ya kuwasuta majirani au mawifi, na maneno kama hayo yakiwa chini ya kiuno katika picha iliyokusudiwa mume yatazungumza na mtu asiyehusika. Yafaa ichaguliwe yenye maneno ya mapenzi, shukrani au dua, au mvaaji aikunje upande wa jina ndani. Msomaji atakayepiga baadhi ya picha kwa kamera ya mbele ya simu akumbuke kwamba simu nyingi huonyesha taswira iliyogeuzwa kama ya kioo, hivyo maandishi yanaweza kutokea kinyumenyume mpaka mpangilio wa simu urekebishwe.

Rangi haiwezi kuchaguliwa bila kuelewa namna kamera inavyopima mwanga. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera, na vilevile programu ya kamera ya simu inapoachwa ijiamulie, huchukulia kwamba mandhari iliyo mbele yake ina wastani wa kijivu cha kati. Ikikutana na shimizi jeupe linalojaza sehemu kubwa ya picha, hupunguza mwanga ili weupe huo ushuke, na ngozi nyeusi iliyo kando yake hushuka nayo hadi macho na mashavu yanapotea. Kinyume chake, gauni jeusi tii huifanya kamera iongeze mwanga, na ngozi hupauka kana kwamba imepakwa majivu. Wanawake wengi wamejilaumu wenyewe kwa picha mbaya zilizotokana na hesabu hii, na lawama hiyo si yao. Filamu za rangi za karne iliyopita zilisanifishwa kwa ngozi za Wazungu, kwani maabara zilipima rangi kwa kadi za Shirley, ambazo zilikuwa picha za mwanamke mweupe zilizopewa jina la mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Kodak. Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, alipofanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu za Kodak kwa sababu hiyo, na marekebisho ya kutosha yalikuja pale watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao walipolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazionekani vizuri. Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi, lakini bado zinahitaji kuelekezwa, ama kwa mpiga picha kupima mwanga usoni badala ya kwenye nguo, ama kwa kugusa uso katika kioo cha simu kabla ya kubonyeza.

Rangi zinazopunguza tatizo hilo ni zile za kati, ambazo hazishindani na ngozi kwa weupe wala kwa weusi. Damu ya mzee, zambarau iliyokolea, kijani cha majani makavu, rangi ya dhahabu, rangi ya udongo na kahawia ya mdalasini huifanya ngozi nyeusi ing'ae kwa joto lake yenyewe, wakati ngozi ya maji ya kunde hupendeza zaidi kwa samawati iliyokolea na kijani cha zumaridi. Anayetaka nyeupe, na bibi harusi wengi huitaka, achague rangi ya maziwa badala ya nyeupe ya kitambaa cha hospitali, na ahakikishe kwamba nguo hiyo haijazi zaidi ya theluthi moja ya picha.

Chumba chenyewe huongeza rangi zake, na hapa msomaji anashauriwa kufanya jaribio moja dogo ambalo lina manufaa kuliko ushauri wowote wa jumla. Nyumba nyingi za eneo hili zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, zimeezekwa kwa bati, na kuta zake za ndani mara nyingi zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani au samawati. Mwanga wa dirishani ukigonga ukuta huo hurudi ukiwa na rangi yake, ukaitia ngozi ukijani ambao macho hayauoni lakini kamera huuona. Nguo zilizokusudiwa zitandikwe kitandani, mtu aketi karibu nazo, na picha chache za majaribio zipigwe kwa simu kwenye saa ileile iliyopangwa. Ukuta ukionekana kuharibu rangi, shuka jeupe au la rangi ya maziwa litundikwe upande ule unaotazamana na dirisha. Chandarua nacho kisisahaulike, kwa kuwa cheupe kikishushwa kati ya dirisha na mhusika hulainisha mwanga kwa namna inayopendeza sana, na cha samawati hufanya kila kitu kifanane na ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi.

Kuhusu saa, Kiabakari iko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupanda haraka na kufika karibu na utosi, na mwanga mzuri wa dirishani hupatikana kati ya saa mbili na saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mchana, mbali na ukali wa mwanga, bati hupasha chumba joto, na jasho huacha alama juu ya satini ambazo haziondoki mpaka nguo ifuliwe.

Swali la nguo yenye maua juu ya shuka lenye maua huulizwa mara nyingi, na jibu la kawaida ni kukataza. Katazo hilo halina msingi imara. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako nchini Mali mwaka 1948, alitumia shuka lake mwenyewe la kitandani kama pazia la nyuma na akawapiga mbele yake wanawake waliovaa nguo zilizojaa nakshi, na kazi zake leo zinahesabiwa miongoni mwa picha bora za watu zilizowahi kupigwa Afrika. Kinachoonekana katika picha hizo ni kwamba nakshi kubwa na nakshi ndogo zinaweza kukaa pamoja, kwa kuwa jicho huzitenganisha kwa ukubwa. Kinachochosha ni maua ya ukubwa mmoja juu ya maua ya ukubwa huohuo. Mistari myembamba sana na vyumba vidogo vya drafti ndivyo vya kuepukwa kabisa, kwa sababu chembe za kupokea mwanga ndani ya kamera hugongana na mistari hiyo na kuzalisha mawimbi ya rangi ambayo hayakuwamo katika nguo.

Baada ya kanga hufuata shimizi, yaani vazi jepesi la mikanda myembamba ya mabegani linaloanguka moja kwa moja kutoka kifuani. Shimizi la kununua mara nyingi hukatwa kwa mwili usio na nyonga, na likimfaa mwanamke kifuani humkaba chini, au likimfaa chini humpwaya juu. Kwa bei isiyotofautiana sana, fundi cherehani anaweza kushona moja kwa vipimo vya mwenyewe kutokana na satini ya takriban mita mbili na nusu. Fundi aombwe akate kitambaa kwa mshazari, yaani kwa kuupitisha mkato kimshale kati ya nyuzi za urefu na za upana, mbinu iliyoenezwa na mbunifu Mfaransa Madeleine Vionnet katika miaka ya 1920, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbulika na kuufuata mwili bila kuubana. Mkato huu hula kitambaa zaidi, na fundi asiyeuzoea atapendekeza njia ya mkato wa kawaida. Ni vyema kumpelekea kwanza kipande cha kaniki au cha pamba hafifu ajaribie. Satini nzito inafaa kuliko nyepesi, kwa sababu nyepesi huonyesha kila mshono wa nguo ya ndani na hunasa kwenye ngozi iliyopakwa mafuta.

Lesi inahitaji uangalifu zaidi. Lesi laini yenye bitana, yaani kitambaa cha pili kilichoshonwa kwa ndani, hupendeza karibu, lakini lesi ya nailoni isiyo na bitana humetameta chini ya taa na huacha vipele kwa wenye ngozi nyepesi kudhurika. Nguo za ndani zenyewe zinunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, limepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani za mtumba kwa sababu za kiafya, ingawa bado zinaweza kukutwa katika marundo ya sagulasagula minadani, na mbali na afya, lastiki iliyokwisha kuchoka haiwezi kushika umbo mbele ya kamera. Sidiria isiyotosha ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko kasoro nyingine yoyote ya vazi. Mkanda wake ukipanda mgongoni ni ishara kwamba umelegea na vikombe ni vidogo, na dawa yake si kukaza vifungo vya mabegani bali ni kubadilisha saizi.

Vazi moja lisilogharimu kitu ni shati la mume. Shati la pamba lililofuliwa, lenye rangi moja, likivaliwa likiwa na vifungo viwili au vitatu vya juu wazi na mikono iliyokunjwa hadi karibu na kiwiko, hufunika mapaja kwa wanawake wengi, na lina maana ambayo mwenye kupokea picha hahitaji kuelezwa. Kwa mwanamke anayeona haya, au anayejifunza kuupenda tena mwili wake baada ya upasuaji au uzazi mgumu, shati hilo na kanga ya pili iliyotupiwa mapajani vinatosha kabisa, na mpiga picha anayesisitiza kwamba picha haiwi nzuri bila kuvua zaidi hajaielewa kazi aliyoitiwa.

Mapambo yawe machache. Shanga za kiunoni, ambazo katika jamii nyingi za Tanzania ni pambo la mwanamke mtu mzima na ni siri ya chumbani, zina nafasi halali katika picha za aina hii, na hata mstari mmoja ukionekana juu ya pindo la kanga hufanya kazi kuliko mkufu wa bei kubwa. Mwenye kuona kwamba si za kuonyeshwa kwa kamera, hata ya faragha, naye afuate dhamiri yake. Rozari, medali na skapulari zivuliwe na kuhifadhiwa pazuri, kwa sababu mwanamke aliyezivaa kwa imani anaweza kuja kuumia moyoni akiziona katika picha ya namna hiyo. Pete ya ndoa ibaki. Kitambaa cha kichwani kiwe cha satini na kilingane na mojawapo ya rangi za nguo, na nywele zilizosukwa zipewe siku mbili au tatu ili ngozi ya paji la uso itulie.

Nguo mbili zinatosha, na tatu ndizo kikomo, kwa kuwa kila badiliko humrudisha mhusika katika haya ya mwanzo. Zipangwe kuanzia yenye sitara zaidi kwenda yenye sitara ndogo, kwa mfano shati kwanza, kanga baadaye na shimizi mwisho, ili mwili uzoee kamera polepole na mhusika awe na uhuru wa kuishia pale anapoona panatosha. Siku hiyo avae dera pana tangu asubuhi, bila sidiria ya kubana, bila saa ya mkononi na bila soksi, kwani alama za lastiki hukaa juu ya ngozi kwa saa nzima au zaidi. Anayesafiri kwenda studio ya Musoma au Bunda azungushe nguo zake ndani ya kanga safi badala ya kuzikunja, kisha aziweke katika mfuko uliofungwa, hasa kati ya Juni na Septemba vumbi linapokuwa jingi. Pasi ya mkaa isiguse satini wala lesi moja kwa moja. Nguo igeuzwe ndani nje, ifunikwe kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, na majivu yapulizwe nje ya pasi kabla ya kuanza. Mafuta ya mwili yapakwe mapema na kuachwa yanyonywe, kwa kuwa doa la mafuta juu ya satini huonekana kama maji yaliyomwagika.

Mhusika aende na mwenzake anayemwamini, awe dada, wifi au somo wake, ambaye kazi yake ni kufunga mafundo, kunyoosha mikunjo na kuwapo chumbani muda wote. Makubaliano na mpiga picha yaandikwe kabla ya nguo kubadilishwa, yakitaja idadi ya picha, nani atabaki na nakala, lini zitafutwa kwenye kadi na kompyuta, na kwamba hakuna itakayotumiwa kutangazia biashara, hata iliyokatwa kichwa, hata inayoonyesha nguo peke yake. Kifungu hicho cha mwisho kiandikwe waziwazi kwa sababu iliyoelezwa tangu awali, kwamba katika mji mdogo nguo ni utambulisho. Sheria iko upande wa mwenye picha: Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai ridhaa katika matumizi ya taarifa za mtu. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta, na kwa kuwa katazo hilo linamhusu yeyote anayechapisha, hata mhusika mwenyewe, vazi lenye sitara humlinda mhusika endapo picha itaponyoka mikononi mwa aliyeaminiwa. Picha zikabidhiwe mkononi, katika kadi au zikiwa zimesafishwa kwenye karatasi, na si kupitia makundi ya simu. Na mpiga picha akizisambaza au akitishia kuzisambaza, nakala ya makubaliano na picha ya ujumbe wake zipelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, kabla mhusika hajamjibu wala kumlipa chochote.